Kompyuta ya Nyumbani Imejaa, Tufanyeje?

Katika nyumba nyingi siku hizi kuna kabati moja ambalo mama hajawahi kulifungua wala kulipangusa vumbi, nalo limebeba vitu vya thamani kuliko kabati la vyombo. Ndani yake mna picha za mtoto akiwa na siku tatu, picha za harusi, video ya bibi akisimulia hadithi mwaka mmoja kabla hajafariki, stakabadhi za ada ya shule, hesabu za duka, barua za kijana za kuomba kazi na orodha ya michango ya kikundi cha akina mama. Kabati hilo ni diski ngumu ya kompyuta, kijisanduku cha chuma kinachoweza kukaa juu ya kiganja.

Halafu siku moja kompyuta inaandika kwenye kioo kwamba nafasi imekwisha. Haba na haba imejaza kibaba. Picha moja ya simu ya leo huwa na megabaiti 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo picha elfu moja ni gigabaiti 4 au zaidi, na video ya sherehe moja tu yaweza kula nafasi ya picha elfu hizo zote. Diski ya gigabaiti 250 iliyoonekana kubwa wakati kompyuta inanunuliwa inajaa kimyakimya, na kompyuta inaanza kusuasua.

Ukimwita fundi atakuambia, "Mama, hapa dawa ni kubadilisha diski, tuweke kubwa zaidi." Anasema kweli. Kazi yenyewe inahitaji bisibisi moja na nusu saa. Hatari iko kwingine: katika kuvihamisha vile vilivyomo, na katika kile kitakachoipata diski ya zamani baada ya kutolewa. Mambo hayo mawili humpasa mwenye nyumba kuyasimamia mwenyewe, hata kama hajui jina la waya hata mmoja.

Kabla ya kutoa fedha

Anza kwa kufagia. Fungua pipa la takataka la kompyuta ulimwage, maana faili zilizofutwa huendelea kukaa humo zikila nafasi. Angalia video za vichekesho zilizotoka kwenye simu, na picha zilezile zilizonakiliwa mara mbili au tatu. Huenda ukapata nafasi ya kutosha kwa mwaka mwingine bila kutoa hata senti.

Kisha uliza kama diski ya kompyuta yako yaweza kutolewa. Kompyuta ya mezani haina shida. Lakini kompyuta mpakato nyingine, hasa zile ndogo za bei ya chini zenye gigabaiti 32 au 64, na baadhi ya nyembamba za bei ghali pia, zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi kuu. Hizo hazibadilishwi, dawa yake ni diski ya nje ya kuchomeka pembeni. Jambo hili ulizia kwanza, kabla hujanunua chochote.

Angalia pia umri wa kompyuta yenyewe. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kirasmi. Kompyuta ya namna hiyo bado yafaa kutunzia picha na kuandikia barua, lakini usiinunulie diski ya bei kubwa kama vile unajenga ghorofa juu ya banda.

Ipi tununue?

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5. Picha moja ya mtoto wako anayeng'oka jino ingetosha kuijaza. Diski za kuzunguka za leo ni wajukuu wa ile: ndani mna sahani zinazong'aa, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kikono chembamba kinachosoma kikiwa kimeelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ndiyo maana diski inayofanya kazi haipendi kuangushwa wala kutikiswa.

Kuna aina ya pili ambayo wauzaji huiita SSD. Hiyo haina kitu kinachozunguka. Ni chipu tupu. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, ilhali SSD ya kawaida inayoingia mahali pale pale hufika karibu 550. Kompyuta iliyokuwa ikichukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kuwaka huwaka kabla hujaweka sufuria jikoni. Bei yake kwa kila gigabaiti ni kubwa zaidi, lakini kwa maoni yangu, kwa kompyuta mpakato inayobebwa na watoto kutoka chumba hadi chumba, afadhali SSD ndogo kuliko diski kubwa ya kuzunguka. Ila ujue tabia yake. Diski ya kuzunguka mara nyingi huugua kwanza, ikitoa mlio wa kugongagonga au kuchelewa kufungua faili, nawe unapata nafasi ya kuokoa vitu. SSD yaweza kufa ghafla pasipo kuaga, na faili iliyofutwa humo ni vigumu sana kuirudisha.

Kuhusu umbo, diski ya kompyuta ya mezani huwa ya inchi 3.5, na ya kompyuta mpakato huwa ya inchi 2.5, yenye unene wa milimita 7 au 9.5. Kompyuta za miaka ya karibuni hutumia kipande chembamba kama ubao wa kutafuna chingamu, kiitwacho M.2. Usikariri majina hayo yote. Andika aina na namba ya kompyuta yako kwenye karatasi uende nayo dukani, au umwombe fundi aitoe ya zamani uione kwanza. Kama kompyuta ni nzee sana, usivuke terabaiti 2, kwa sababu nyingi za zamani hazijui kuanza kazi kwa diski iliyozidi hapo.

Mambo mawili ya sokoni. La kwanza, diski iliyoandikwa terabaiti 1 itaonekana kwenye Windows kuwa ni gigabaiti 931, na ya 500 itaonekana 465. Usimgombeze muuzaji, hajakupunja. Kiwanda huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024, basi namba hazilingani ingawa nafasi ni ileile. La pili ni baya zaidi: zipo diski za nje na vijiti vya USB vinavyodanganya. Kifaa kimeandikwa terabaiti 2, kompyuta nayo inasema 2, kumbe ndani mna sehemu ndogo tu ya hizo. Kinapokea picha zako zote kwa upole, na baadaye ukizifungua hazimo. Bei ikiwa ya kushangaza, shangaa. Jaza kifaa hicho faili zisizo na thamani hadi mwisho, kisha uzifungue, kabla hujakikabidhi kumbukumbu za familia.

Nakala ya tatu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Fundi atakuambia atanakili diski nzima kama ilivyo, Windows pamoja na programu na faili, kwenda kwenye diski mpya. Ziko programu za kazi hiyo. Moja inayojulikana sana na isiyolipiwa ni Clonezilla. Diski mpya huunganishwa kwa waya wa adapta kwenye tundu la USB, programu inauliza ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea, na kazi inaanza.

Swali hilo moja ndilo lenye msiba. Mtu akizigeuza, diski mpya iliyo tupu itanakiliwa juu ya ile iliyojaa, na miaka kumi ya picha inafutika huku programu ikiandika kwamba kazi imekwenda vizuri. Kuzitambua si kigumu, tazama ukubwa: ya zamani ni 250, mpya ni 1,000. Lakini macho huchoka, simu hulia, mtoto huita. Kwa hiyo, kabla diski hizo mbili hazijaunganishwa, vitu vya familia viwe vimekwisha kunakiliwa mahali pa tatu, kama vile diski ya nje, nayo iwe imechomolewa na kuwekwa kabatini. Mwenye nakala ya tatu hulala usingizi hata fundi akikosea.

Tena, nakala isiyojaribiwa bado si nakala. Mwaka 1998 kampuni ya filamu za katuni ya Pixar, huko California, ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri ya kufuta mahali pasipofaa, na kwa muda mfupi karibu asilimia 90 ya filamu ikatoweka. Hawakutishika mno, kwa kuwa walikuwa na utaratibu wa kuhifadhi nakala. Walipozifungua nakala hizo wakakuta hazikuwa zikihifadhiwa sawasawa, wala hakuna aliyekuwa amejua.

Aliyewaokoa alikuwa mama. Galyn Susman, aliyesimamia upande wa ufundi wa filamu hiyo, alikuwa amejifungua, na ili aweze kufanya kazi akiwa karibu na mtoto alikuwa amewekewa kompyuta nyumbani yenye nakala ya filamu. Walikwenda nyumbani kwake, wakaifunga kompyuta ile kwa mablanketi, wakaiweka kwenye kiti cha gari na kuifungia mkanda kama abiria, wakairudisha kazini polepole. Filamu ilitoka mwaka 1999.

Sisi hatuna kampuni ya filamu, lakini jaribio ni lilelile. Usiridhike kuona majina ya faili yamepangwa. Zifungue. Fungua picha ya zamani kuliko zote. Fungua video uipeleke hadi katikati, kisha mwishoni. Fungua daftari la hesabu za mwaka jana. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lisilofunguka ni sawa na kutokuwa na daftari.

Umeme na wakati

Usianze kazi hii jioni ambayo umeme una mazoea ya kukatika. Kama ni kompyuta mpakato, ijaze betri na uiache kwenye chaji. Kama ni ya mezani na hakuna kifaa cha kushika umeme unapokatika, chagua saa ambazo mtaa wenu huwa na umeme wa uhakika. Ukikatika katikati ya kunakili, kwa kawaida diski ya zamani haidhuriki kwa sababu inasomwa tu; mpya ndiyo itakayobaki nusu, na itabidi kuanza upya.

Tazama pia tundu la USB. Kunakili gigabaiti 400 kwa tundu la zamani kwaweza kuchukua saa tatu na zaidi, na kwa tundu jipya, ambalo mara nyingi huwa na ulimi wa rangi ya bluu, saa moja na kitu. Waambie watoto mapema kwamba leo hakuna michezo ya kompyuta, la sivyo kuna atakayechomoa.

Jambo jingine ni ufunguo. Kompyuta nyingi mpya za Windows huifunga diski kwa siri, na baada ya mabadiliko kama haya huenda zikadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza. Je, ni nani nyumbani kwenu? Katika nyumba nyingi maneno ya siri yote yako kichwani mwa mtu mmoja, na akisafiri, akiugua au akifariki, picha na hesabu zote hubaki zimefungwa machoni pa wenyewe. Mke na mume waziandike tarakimu hizo kwenye karatasi na kuiweka pamoja na hati za nyumba, kabla fundi hajagusa kitu.

Kufungua na kufunga

Kazi ya mikono ni fupi. Zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kompyuta mpakato itolewe betri kama inatoka. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa vilivyomo, kwa kuwa umeme mdogo wa mwilini, hata usiousikia, waweza kuunguza chipu. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, maana hiyo picha ndiyo itakayokuonyesha waya gani ulikuwa wapi. Skrubu zitie kwenye kisahani cha chai. Nyingine ni fupi na nyingine ndefu, na ndefu ikiingizwa mahali pa fupi yaweza kutoboa.

Diski ya kompyuta ya mezani hushikwa na waya mbili, mmoja mwembamba wa kupitisha habari na mmoja mpana wa umeme. Kila kimoja kina kona upande mmoja, kwa hiyo huingia kwa namna moja tu. Kikikataa, kigeuze, usikilazimishe. Vuta kwa kushika kichwa cha plagi, usivute waya. Fungua skrubu, toa ya zamani, weka mpya, kaza kwa kiasi. Wakati mfuniko uko wazi, ondoa vumbi kwa brashi laini.

Ukiwasha, kompyuta itaonekana ileile, hata picha ya mbele haijabadilika. Lakini usishangae ikikuambia bado una gigabaiti 250. Kunakili kumehamisha chumba kama kilivyokuwa, na nafasi iliyoongezeka iko nje ya ukuta, haijagawiwa. Katika Windows kuna sehemu ya kusimamia diski, ambapo chumba hupanuliwa. Wakati mwingine kuna kipande kidogo cha Windows kilichokaa katikati kinachozuia, na huhitaji programu nyingine ya kukisogeza. Kabla hujamlipa fundi, mwambie akuonyeshe namba mpya kwenye kioo.

Ukiwa na fundi

Mafundi wengi ni waaminifu na kazi yao ni ya heshima. Hata hivyo, ukiacha kompyuta dukani umeacha albamu yako, barua zako na hesabu zako mikononi mwa mtu usiyemjua. Mwaka 2008 picha za faragha za mwigizaji Edison Chen wa Hong Kong na wanawake kadhaa zilisambaa duniani. Zilikuwa zimenakiliwa na fundi kutoka kwenye kompyuta iliyopelekwa kutengenezwa, naye akafungwa gerezani mwaka 2009. Walioumia kuliko wote walikuwa wale wanawake, ambao kompyuta haikuwa hata yao.

Kwa hiyo mwite fundi nyumbani, mkaribishe chai, ukae naye. Ikiwa ni lazima kwenda dukani, nenda asubuhi na kitabu cha kusoma, usubiri. Na kubalianeni mapema kwamba diski ya zamani inarudi kwako. Wapo wanaoichukua kama sehemu ya malipo, na mama asiyejua huona amepunguziwa bei.

Diski iliyotoka

Usiifute siku hiyohiyo. Iandike tarehe juu yake, uifunge kwenye kitambaa, uiweke mahali pakavu kwa mwezi mmoja au miwili, hadi uhakikishe kwamba hakuna kilichosahaulika. Ikiwa bado ni nzima, yaweza kuwekwa kwenye kasha lenye waya wa USB ikawa mahali pa kuongezea nakala. Lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu imeshachakaa.

Ukitaka kuiuza au kuigawa, kumbuka kwamba kufuta faili ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kurasa nyingine bado zipo. Watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika, na mwaka 2003 wakachapisha waliyoyakuta. Kati ya 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta barua za watu, habari za ugonjwa na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Wenye diski hizo wengi walidhani wamefuta.

Diski ya kuzunguka husafishwa kwa programu inayoandika sifuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa diski kubwa ni kazi ya saa kadhaa, iache usiku kucha. SSD ina amri yake maalumu ya kujifuta, na wenye viwanda hutoa programu ya kuitumia. Diski iliyokufa, isiyopokea amri yoyote, ivunjwe. Hapo waondoe watoto kwanza. Sahani za diski nyingi za kompyuta mpakato ni za kioo na hupasuka vipande vikali, basi ifunge kwenye gunia au kitambaa kizito kabla ya nyundo, na ujikinge macho. Ndani ya diski ya kuzunguka mna pia sumaku ndogo zenye nguvu sana ambazo watoto huzipenda kuchezea. Mtoto akimeza mbili, huvutana tumboni na kutoboa utumbo, nayo ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Zihesabu, uzifunge pamoja na mabaki mengine, uwape wanaokusanya taka za vifaa vya umeme. Usizitupe jalani wala kuzichoma moto nyuma ya jiko.